Beri Katika Kiwanja cha Hamsini kwa Mia: Mjadala

Matunda ya jamii ya beri yanayoweza kupandwa nyumbani Afrika Mashariki ni mengi kuliko inavyodhaniwa: stroberi, forosadi, gusberi, rasiberi, blakiberi, bluberi, na pamoja nayo matunda ya vichaka vya kienyeji. Yanafanana kwa mambo mawili. Kwanza, mengi ni laini, yana maji tele na huharibika upesi yakishachumwa. Pili, kila aina ina masharti yake ya udongo na hali ya hewa, na anayeyapuuza hupata majani bila matunda, au huzika mche kabla ya mwaka kwisha. Ubishi huanzia hapo. Wapo wanaoona kwamba kiwanja cha futi 50 kwa 100, chenye nyumba, tangi la maji na banda la kuku, hakina nafasi ya mimea yenye masharti. Wapo pia wanaoona kwamba haya ndiyo matunda ambayo ni afadhali kuyapanda kuliko kuyanunua. Katika mjadala huu hoja zimewekwa vinywani mwa wasemaji wanne: mtetezi wa beri anayelima nyanda za juu, mpinzani wake, bibi shamba ambaye kazi yake ni ugani, na mkulima wa Pwani.

MPINZANI: Kiwanja kidogo hulisha nyumba kwa sukuma wiki, mchicha, vitunguu na maharage. Ikibaki kona ya tunda, hesabu ya lishe iko wazi. Gramu 100 za stroberi zina takriban miligramu 59 za vitamini C. Gramu 100 za mapera zina zaidi ya miligramu 200. Bluberi, inayosifiwa kuliko zote, ina kama miligramu 10 tu. Mpera haudai udongo maalumu wala matandazo, na ukishashika huzaa kwa miaka mingi. Kwa nini basi mtu aache mpera akahangaike na mche wa kimo cha kisigino unaotaka maji kila siku mbili?

MTETEZI: Mpera hauna ugomvi na beri. Unataka nafasi yake na kivuli chake, na mwenye nafasi hiyo aupande. Lakini stroberi hukaa kwenye ndoo iliyotobolewa chini, kwenye gunia, au ukingoni mwa tuta la mchicha, mahali ambapo mpera hauwezi kupandwa. Hoja kubwa zaidi ni ya ladha na usafiri. Stroberi haiendelei kuiva baada ya kuchumwa. Rangi inaweza kukolea kidogo, ila sukari haiongezeki. Mfanyabiashara anayetaka ifike dukani bila kupondeka analazimika kuichuma ingali na weupe karibu na kikonyo, na utamu iliokuwa nao asubuhi hiyo ndio wa mwisho. Ya nyumbani huachwa mpaka iwe nyekundu mpaka begani. Tena stroberi huliwa bila kumenywa, kwa hiyo dawa yoyote iliyopulizwa huenda mdomoni pamoja na tunda. Anayelima mwenyewe anajua alichopuliza na ambacho hakupuliza.

Hoja ya usafiri ndiyo yenye uzito kuliko zote katika mjadala huu, na hesabu ya vitamini haiifikii. Pera, embe na chungwa hustahimili gari, gunia na siku kadhaa za sokoni, hivyo aliyeko mjini hupata tunda lile lile alilopata mkulima, au linalokaribiana nalo. Kwa beri sivyo. Kadiri tunda lisivyoweza kusafiri, ndivyo bustani ya nyumbani inavyokuwa mahali pake hasa. Kipimo hiki kinafaa kuwekwa mbele kila aina inapojadiliwa.

BIBI SHAMBA: Kabla ya kuchagua mche, ni lazima kujua kiwanja kiko mwinuko gani. Kwa kila mita 1,000 za kupanda juu, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Lushoto iko kama mita 1,400, na Mombasa iko usawa wa bahari. Stroberi hupenda joto la kati ya nyuzi 15 na 26. Katika maeneo yaliyo karibu na ikweta mchana una urefu wa saa 12 hivi mwaka mzima, na aina nyingi za stroberi, kama Chandler iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California, huanzisha maua mchana ukiwa mfupi na hewa ikiwa ya ubaridi. Maana yake ni kwamba huku mchana si kikwazo. Kikwazo ni joto. Limuru, Lushoto na Njombe mche huo hutoa maua karibu mwaka mzima, ilhali ukishushwa Tanga hutoa majani mapana na vitambaazi virefu, na maua hayaonekani.

MPINZANI: Hata huko juu kuna wengi waliopanda wakapata matunda yaliyooza.

BIBI SHAMBA: Huoza kwa sababu zinazojulikana. Mche wa stroberi una kitovu kifupi kinachounganisha majani na mizizi. Kitovu kikifukiwa huoza, na kikiachwa juu sana mizizi hukauka. Kinatakiwa kilingane sawasawa na uso wa udongo, na anayepanda aangalie tena baada ya kumwagilia mara ya kwanza, kwa kuwa udongo hushuka. Miche hupandwa sentimita 30 kutoka mmoja hadi mwingine, juu ya tuta lililoinuliwa, katika udongo wenye mboji na pH ya kati ya 5.5 na 6.5. Maua ya mwanzo huondolewa ili mche upate nguvu kwanza. Kisha hutandazwa nyasi kavu chini ya majani, kwa sababu tunda linalogusa udongo wenye unyevu hushikwa na ukungu wa kijivu, nao huhamia kwa jirani zake. Mizizi ya stroberi haiendi chini sana, hivyo maji kidogo ya mara kwa mara yanafaa kuliko mengi ya wiki mara moja, na yamwagwe chini, wala si juu ya majani. Tuta lililokuwa na nyanya, viazi au biringanya lisitumiwe, maana magonjwa ya mnyauko hukaa udongoni yakasubiri.

MTETEZI: Na miche haihitaji kununuliwa tena. Mama mche hutuma vitambaazi, na kila kimoja huotesha mtoto kwenye kifundo chake. Mtoto huyo akibanwa kwa kijiti juu ya kikopo cha udongo, baada ya wiki chache ana mizizi yake na kitambaazi hukatwa. Ila si vizuri kuviachia vyote. Mche unaolea watoto wengi huzaa kidogo. Baada ya miaka mitatu hivi tuta huchoka, na hapo hupandwa watoto wenye afya mahali pengine.

Stroberi ya bustani yenyewe ilipatikana kwa kukutanishwa mimea ya mbali. Mnamo 1714 Mfaransa Amédée-François Frézier alirudi kutoka Chile na miche ya stroberi yenye matunda makubwa. Ilipokaa Ufaransa karibu na stroberi ya Amerika Kaskazini, yenye tunda dogo lenye harufu nzuri, chavua ilivuka kutoka moja hadi nyingine, na mwaka 1766 Antoine Nicolas Duchesne alieleza kwamba stroberi mpya ilikuwa chotara wa hizo mbili. Aina zinazopandwa Kiambu na Lushoto leo zote zinatoka katika ukoo huo, na ndiyo maana zinadai ubaridi: wazazi wake wote wawili ni wa nchi zenye baridi.

MKULIMA WA PWANI: Mpaka hapa wenzetu wa bara wamezungumzia bustani zao tu. Huku kwetu kuna mforosadi, tena tangu zamani, na hakuna beri inayoushinda kwa urahisi. Hukatwa kipande cha tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 au 25, chenye macho matatu au manne. Theluthi mbili hufukiwa ardhini mvua zinapoanza, na mara nyingi hushika bila kubembelezwa. Mti huvumilia joto la Pwani na vilevile baridi ya bara. Ndani ya mwaka mmoja au miwili watoto wanauzunguka.

MPINZANI: Na kwa nini basi forosadi hazionekani sokoni?

MKULIMA WA PWANI: Kwa sababu ikiiva huachia tawi kwa kuguswa tu, na ikipangwa juu ya nyenzake inakuwa maji. Asubuhi ni nyeusi na nono, jioni imelegea. Hakuna tenga la kuibeba. Aliye na mti anakula, asiye nao ataomba kwa jirani.

Hapa kipimo cha usafiri kinatoa jibu kali kabisa. Forosadi ni tunda ambalo soko limeshindwa kulibeba, na kwa sababu hiyo hiyo linastahili nafasi ya kwanza katika kiwanja. Inasikitisha kwamba wengi wanaotafuta miche ya bei kubwa ya bluberi hawajawahi kuomba tawi la mforosadi kwa jirani. Upogoaji wake ni rahisi na unafaa kueleweka vizuri, kwa sababu ndiyo siri ya kuzaa mara kwa mara. Forosadi hutoka kwenye machipukizi mapya, pamoja na majani machanga. Mavuno yakiisha, matawi hukatwa yabaki mafupi, na maji yakiwepo mti huchipua na kuleta matunda tena. Kukata huko pia huuzuia usigeuke mti mkubwa, ukabaki kwa kimo cha mkono wa mtu. Majani yaliyokatwa ni chakula kizuri cha mbuzi na sungura, na ndiyo majani wanayofugiwa nondo wa hariri.

MPINZANI: Forosadi nayo ina makosa yake. Doa lake halitoki kwenye nguo kwa urahisi, na mizizi yake hutafuta maji.

MKULIMA WA PWANI: Ndiyo maana haupandwi karibu na kamba ya kuanikia nguo, wala mbele ya sebule ya wageni, wala karibu na mabomba au shimo la maji taka. Mita tano kutoka ukutani zinatosha. Asiye na mita tano aukate mfupi zaidi, au apande kitu kingine.

Gusberi, lile tunda la rangi ya chungwa linalovikwa ganda jepesi kama karatasi, halina ubishi mwingi. Wakikuyu huliita nathi, Waganda ntuntunu. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, lakini limezoea nyanda za juu za Afrika Mashariki kiasi kwamba huota lenyewe kwenye kingo za mashamba. Mbegu husiwa kitaluni kama za nyanya, na miche huhamishwa kwa nafasi ya mita moja na kuwekewa miti ya kuegemea. Udongo wenye samadi nyingi mno huleta majani mengi na matunda machache, kwa hiyo kona iliyochoka hulifaa. Tunda linaloiva huanguka lenyewe likiwa ndani ya ganda lililokauka, na mavuno ni kuokota. Likiachwa kwenye ganda lake mahali pakavu hukaa wiki kadhaa, jambo ambalo hakuna beri nyingine katika mjadala huu inayoliweza. Tahadhari ni mbili. Tunda bichi la kijani lina sumu ya jamii ya mnavu na watoto wasiachiwe kulila, na kwa kuwa ni ndugu wa nyanya na viazi, halifai kupandwa mahali palipougua mnyauko.

MTETEZI: Sasa tuje kwa bluberi.

MPINZANI: Hapo ndipo hoja ya kiwanja inapokuwa na nguvu zote. Mche ni ghali, udongo wa kawaida unaukataa, na wengi wamepoteza pesa.

BIBI SHAMBA: Wamepoteza kwa sababu waliutunza vizuri kwa kanuni za mimea mingine. Bluberi inataka udongo wenye asidi, pH ya kati ya 4.5 na 5.5. Samadi ya kuku, majivu na chokaa, vitu ambavyo kila mkulima husifiwa kwa kuvitumia, kwake ni adui. pH ikipanda, mizizi haipati madini ya chuma. Dalili huonekana kwenye majani machanga: jani linageuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, kama ramani ya mito. Anayeona hivyo akaongeza samadi anazidi kuuumiza mche.

Hata wataalamu walichelewa kulijua hilo. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 bluberi ilikuwa tunda la porini tu Marekani, na waliojaribu kuihamishia bustanini walishindwa. Frederick Coville, mtaalamu wa mimea katika Idara ya Kilimo ya Marekani, alionyesha katika chapisho lake la 1910 kwamba mmea huo hudai asidi. Elizabeth White, binti wa familia iliyolima kranberi huko Whitesbog, New Jersey, alisoma kazi hiyo akamwandikia. White aliwalipa wachumaji wa porini wamwonyeshe vichaka vyenye matunda makubwa kuliko vyote, Coville akavizalisha, na mwaka 1916 mavuno ya kwanza ya bluberi iliyopandwa yakauzwa. Ni mfano mzuri wa elimu ya maabara kukutana na elimu ya watu wanaoijua nyika yao, na hakuna upande ambao ungefika peke yake.

MTETEZI: Asidi si tatizo kila mahali. Chai nayo hutaka pH ya kati ya 4.5 na 5.6 hivi. Limuru, Kericho, Mufindi na Rungwe kuna udongo wa chai tayari. Anayeishi kwenye majani chai anaishi kwenye udongo wa bluberi.

BIBI SHAMBA: Kwa udongo, sawa, na bado ni vizuri upimwe, iwe Kabete kwa walio Kenya au Mlingano kwa walio Tanzania. Lakini kuna sharti la pili. Bluberi za asili ya kaskazini hudai saa 800 hadi 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 kabla ya kuchanua. Hakuna mji wetu wenye majira ya baridi ya namna hiyo. Mtu akiletewa mche kutoka Ulaya bila kuuliza jina lake, atalea kichaka cha majani. Zinazofaa ni aina za kusini, zilizozalishwa Florida kwa kuchanganya bluberi ya kaskazini na ya porini ya huko isiyopukutisha majani. Hizo hutosheka na baridi kidogo. Kwamba zinaweza kuzaa hapa si jambo la kubahatisha: kampuni ya Kakuzi inazilima kibiashara Makuyu, Murang'a.

MPINZANI: Kampuni ina mabomba, mitambo na wataalamu.

MTETEZI: Mwenye nyumba ana ndoo. Ndoo ya lita 20 au zaidi, yenye matundu chini, hujazwa magome ya msonobari yaliyopondwa na vumbi la makumbi ya nazi. Udongo wa kiwanja haugusi mizizi, kwa hiyo hata aliye kwenye udongo wa chokaa anaweza. Maji yawe ya mvua, kwa sababu maji mengi ya visima virefu hupandisha pH polepole mpaka kazi yote ikaharibika. Mbolea iwe ya salfeti ya amonia, kidogo kidogo, wala si CAN, ambayo ina chokaa ndani yake. Na ndoo ziwe mbili zenye aina tofauti, maana chavua ya aina nyingine huongeza ukubwa wa tunda.

Katika hili mpinzani hakushindwa. Bluberi inastahimili safari kuliko stroberi na forosadi, ngozi yake ni ngumu kiasi, na ikiwekwa kwenye jokofu hukaa wiki moja au mbili. Kwa kipimo cha usafiri ina sababu ndogo ya kulimwa nyumbani, na ndiyo yenye masharti mengi. Kwa aliye kwenye udongo wa chai hilo si kikwazo. Kwa wengine iwe mche wa mwisho kununuliwa.

Rasiberi na blakiberi huwekwa pamoja kwa kuwa zinatoka jenasi moja, Rubus, na hupogolewa karibu sawa. Fimbo hutoka ardhini, huzaa, kisha hufa, na mpya huchukua nafasi. Aina nyingi za kale za rasiberi huzaa kwenye fimbo za mwaka wa pili baada ya kupita majira ya baridi, hivyo hapa hazifai. Zinazofaa ni zile zinazozaa kwenye fimbo za mwaka huo huo, kama Heritage na Autumn Bliss. Hizo hukatwa zote mpaka chini baada ya mavuno, fimbo mpya zikasimamishwa kwenye nyaya mbili zilizofungwa kwenye nguzo. Tunda lake ni laini kupita stroberi, ndani lina uwazi, na safari ya saa chache hulibomoa, jambo linaloipa rasiberi nafasi nzuri bustanini kwa wakazi wa miinuko.

MPINZANI: Lakini hizo hutambaa zikavuka ua wa jirani.

BIBI SHAMBA: Hutambaa, na kuna ndugu yao ambaye hafai kuletwa kabisa. Rubus niveus, rasiberi nyeusi ya Asia, imegeuka janga katika visiwa vya Galápagos, ambako hufunika misitu na kuzuia mimea ya asili kuota. Ndege hula matunda na kusambaza mbegu. Milima yetu ina Rubus zake za asili, na hizo zinatosha kwa anayetaka tunda la nyika. Kuna pia karisa, kichaka cha miiba kinachoitwa mukawa kwa Kikuyu na olamuriaki kwa Kimaasai. Kikipandwa mstari mmoja ni ua usiopenywa na mbuzi, na matunda yake meusi huliwa. Kinavumilia ukame ambao ungeua kila mmea mwingine uliotajwa.

MPINZANI: Bado halijazungumzwa suala la wadudu na ndege. Atakayepanda atavuna au atawalisha?

MTETEZI: Ndege huzuiwa kwa wavu uliotandazwa juu ya fremu ya miti, uliokazwa ili wasinase miguu. Kwa mforosadi mkubwa wavu haufai, na ni busara kuwaachia matunda ya kileleni. Konokono wa stroberi huokotwa usiku kwa tochi.

BIBI SHAMBA: Mdudu wa kuangaliwa zaidi ni nzi wa matunda mwenye jina la Drosophila suzukii. Asili yake ni Asia, na mwaka 2019 aligunduliwa Kenya. Nzi wa kawaida wa jamii yake hutaga kwenye tunda lililooza. Huyu ana mkia wenye meno kama msumeno, na hutoboa tunda zima linaloanza kuiva. Kwa nje huonekana kitundu tu, na baada ya siku chache sehemu hiyo inabonyea. Dawa ya kupuliza haifai kwa tunda linalokaribia kuliwa. Njia ya nyumbani ni kuchuma kila siku au baada ya siku moja, bila kuacha lililoiva sana, na kuokota yote yaliyoanguka. Yaliyoharibika yasitupwe kwenye lundo la mboji, kwani humo nzi huendelea kukua. Hutiwa kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, ikawekwa juani wiki nzima, ndipo yakafukiwa. Mazuri huwekwa kwenye baridi mara moja, bila kuoshwa, na huoshwa wakati wa kuliwa.